Mama Ndani ya Kamera

Kamera nilikuwa nimeifunga tumboni kwa kitambaa, chini ya shati, na mama yangu alikuwa ndani yake.

Usicheke. Tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma, upande wetu wa mto Luapula, kwa Waingereza, na katika maisha yake yote alikubali kupigwa picha mara moja tu. Miaka yote alinifukuza kwa ufagio kila nilipomwelekezea kamera. Halafu asubuhi moja akakaa mwenyewe kwenye kiti, akafunga kilemba vizuri, akasema, "Mulenga, piga upesi kabla sijabadili mawazo." Nikapiga. Nikazungusha kifunguo ili filimu isogee mbele, kikakwama. Siku ya nne yake mama akafa.

Filimu zangu zote alikuwa akinioshea padri wa Kasenga, ng'ambo ya mto. Safari hii aliigeuza kamera, akagusa mlango wake wa nyuma kwa ukucha, akanirudishia haraka kana kwamba imemuunguza.

"Filimu imesimama palepale kwenye picha ya mama yako," alisema. "Mlango huu ukifunguka upana wa kidole kwenye mwanga, mama amekwisha. Nenda Élisabethville, kuna fundi wa kamera mwenye chumba cha giza. Mwingine yeyote usimpe."

Ndivyo nilivyoingia nchi ya watu, kwa Wabelgiji, juu ya lori la samaki. Kila kizuizi cha barabara polisi alitushusha na kutupapasa, nami nikavuta tumbo ndani mpaka macho yakanitoka. Nimepigwa na watu wa kila rangi tangu utoto, nikajua hofu ni jamaa yangu tumeshazoeana. Kumbe hofu ya kupigwa ni kitu kidogo. Mgongo hupona. Filimu haiponi.

Dada yangu mkubwa, yaya Agnès, aliolewa huko Élisabethville miaka tisa iliyokuwa imepita. Karatasi ya ruhusa ya kuvuka mpaka aje kuzika haikutoka. Aliponiona mlangoni hakulia. Aliuliza tu, "Uko naye?" Nikapandisha shati. Akaishika ile kamera kama mtu anayepima homa.

"Nimeanza kumusahau," akasema. "Pua naiona. Macho hapana."

Mumewe, shemeki Léonard, alikuwa mtu wa reli kutoka kaskazini, mrefu kama nguzo ya simu, mwimbaji wa kanisani, na mwoga kunishinda.

"Shemeki, muntu mweusi na kamera mu ville, mu mji ya Bazungu? Batasema umeiba. Batatufunga bote bawili, na miye niko na kazi!"

"Basi baki."

"Nitabaki namna gani? Agnès ataniua kabla ya polisi."

Tukaenda. Duka la kwanza lilikuwa la dawa, lenye picha ya kamera kwenye kioo. Watu weusi walihudumiwa kwenye dirisha dogo la pembeni, nasi tukasimama hapo mpaka karani mmoja, mtu wetu, akatuonea huruma. Alinusa kwanza, maana nilikuwa bado na samaki mwilini.

"Hapa tunauzishaka filimu tu," akanong'ona. "Ya kutengeneza, muende kwa Mugiriki, nyuma ya posta. Lakini kule hakuna dirisha ya beusi. Kuko mlango moja tu."

Léonard alipolisikia neno hilo akaanza kutembea nyuma yangu badala ya mbele. Tulipofika kwa Mgiriki alivuka barabara kabisa, akajibanza kwenye mti wa jakaranda, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nikasukuma mlango. Kengele ikalia juu ya kichwa changu. Kamera zilikuwa zimejaa kwenye kabati za vioo, zote zikinitazama kwa jicho moja. Mzungu mmoja wa kaptula alikuwa akichagua miguu ya kamera. Nyuma ya meza, madame kijana.

"Wewe nataka nini?"

Nilivua kofia, nikaitoa kamera chini ya shati, nikaeleza kwa Kifaransa changu chote, na hakikuwa kingi: kamera, filimu, giza. Akakunja pua. Akavuta kamera kutoka mkononi mwangu, akaitikisa karibu na sikio, akachukua bisibisi nyembamba, akaingiza ncha chini ya mlango wa nyuma. Jua la saa nne lilikuwa limejaa pale mezani kama maji kwenye beseni.

"Madame, hapana. Giza. Non."

Hakuniangalia. Bisibisi ikapanda.

Nikamshika mkono.

Nilimshika mwanamke wa Kizungu kifundo cha mkono, mchana kweupe, mbele ya Mzungu mwenzake, na sikumwachia mpaka bisibisi ilipoanguka. Akapiga kelele. Yule wa kaptula akatoka mbio akiita polisi. Mimi nikaikumbatia kamera kifuani, nikijiambia: Mulenga, umekwisha, wewe mwana wa watu, leo watakukausha kama kambale.

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka Mgiriki mwenyewe, mzee mfupi, aproni ina madoa, mikono inanuka dawa. Madame akamwambia yote kwa kasi. Mzee hakunitazama mimi. Alitazama kamera, kisha bisibisi sakafuni.

"Filimu iko ndani?"

"Iko, bwana. Mama yangu. Amekufa."

Akaiokota bisibisi, akaniashiria nimfuate. "Kuya," akasema.

Aliniingiza kwenye chumba chake, akafunga kwa komeo, akazima taa. Giza lile sijaona mfano wake. Niliweka kiganja mbele ya macho nikakikosa.

"Shika kwa nguvu. Ukitetemeka, tutaipasua."

Kumwambia mtu kama mimi, saa ile, asitetemeke! Nikabana viwiko mbavuni, nikaacha kupumua. Nikasikia bisibisi ikitafuta, ikikosa, ikitafuta. Kisha chuma kikalia *kra*, na mlango wa kamera ukafunguka mikononi mwangu.

Hapohapo komeo likatikiswa kutoka nje.

"Polisi! Fungua!"

Mlango ulikuwa ukigongwa kwa buti. Mama yangu alikuwa wazi, hana hata karatasi ya kumfunika, na kilichobaki kati yake na jua la dukani ni kijikomeo cha urefu wa kidole gumba. Nilimwachia mzee kamera, nikajitupa mgongo kwenye mlango. Kila teke lilinipiga uti wa mgongo. Mgiriki akapayuka maneno ya Kifaransa ambayo padri hakunifundisha, kisha nikasikia dawa ya kuoshea ikichezea filimu kwenye sinia, taratibu, kana kwamba nje hakuna mtu.

Alipowasha taa, aliinua ukanda wa filimu unaochuruzika maji. Kwenye filimu nyeusi hugeuka nyeupe, kwa hiyo mama alikuwa na uso mweupe kuliko madame. Lakini macho yalikuwapo. Yote mawili, yakiniambia nifanye upesi.

"Iache ikauke," mzee akasema. "Mwanga hauiharibu tena, vumbi tu. Rudi kesho."

Kesho yangu ilikuwa inagonga mlango. Na nje alikuwapo madame anayesugua mkono. "Nitaichukua hivi, bwana."

Komeo likafunguliwa. Polisi wa kofia nyekundu, mtu mweusi kama mimi, akanikamata kola. "Njo huyu alimushika madame?"

"Njo ye, ni mimi," nikajibu mwenyewe.

Nilitoka dukani mikono juu, si kwa kujisalimisha, ila filimu isiguse kitu. Na kutoka kwenye jakaranda akaja Léonard, uso umekuwa rangi ya majivu, lakini akaja.

"Shemeki, shika kwenye ncha tu. Katikati usiguse. Usipite penye vumbi."

"Élisabethville kila fasi iko vumbi!"

"Basi nenda polepole. Mwonyeshe yaya kwenye mwanga wa dirisha."

"Mumalize," polisi akasema.

Léonard akapokea, midomo ikitetemeka kama anasali. Polisi akanivuta upande mwingine. Nikageuza shingo mpaka ikauma. Lori likapita, vumbi likanyanyuka njia nzima, na yule mtu mrefu akaligeuzia mgongo, akainama juu ya mama yangu, akasimama hivyo mpaka vumbi likatua. Kisha akaendelea, hatua kwa hatua.