Beseni la Naila

Tangu Zahoro, mume wa Firdausi, ahamishiwe Tunduma kulinda ghala, nyumba yao ya Mbwawa ilibaki na watu wawili: Firdausi na mwanawe Naila, wa miezi saba. Jirani wa karibu alikuwa msingi wa nyumba uliootwa na majani.

Mama yake Firdausi alipokuja kutoka Kisarawe alimletea vifaranga kumi na tisa ndani ya boksi. "Angalau upate wa kugombana nao," alisema.

Firdausi akawaweka chumbani, kando ya kitanda, chini ya taa. Akawaita mawifi. "Mawifi, mmeamkaje?" Wakimjibu wote kwa mpigo, alijiona naye ana ukoo. Kifaranga aliyegandwa na kinyesi nyuma alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, kama mama yake alivyomfundisha. Beseni lilikuwa moja tu, la bluu, alilomwogeshea Naila.

Naila akashikwa na homa, akaanza kuhara.

"Meno hayo," mama yake alisema kwenye simu.

Siku ya pili ikaja damu. Firdausi akambeba hadi zahanati. Nesi Bertha akachukua choo kikapimwe.

"Maji ya kunywa unachemsha?"

"Nachemsha, dada."

"Kuku unafuga? Wanalala wapi?"

Firdausi akatazama sakafu. Chumba kisicho na sauti zile hakutaka hata kukifikiria. "Bandani."

Naila akapewa dawa, akapata nafuu. Wiki haikuisha, akahara tena, midomo imekauka, hana hata machozi ya kulilia. Waliporudi zahanati, Bertha alikuwa na majibu mkononi.

"Ni salmonela. Mara nyingi hutoka kwa kuku, na kuku mwenyewe unamwona mzima. Mdogo wangu, ukinificha, nitamtibu leo na wewe utamrudisha Jumatatu. Na safari moja utachelewa."

"Chumbani," Firdausi akasema. "Na beseni ni moja."

Alingoja kufokewa. Bertha akakoroga dawa ya kurudisha maji mwilini kwenye kikombe, akampa kijiko amnyweshe mtoto kidogo kidogo. "Mimi nimelala na kuku kwa bibi, Misugusugu. Nikikojoa kitandani, nawasingizia wao. Watoe nje. Beseni jipya, la mtoto peke yake. Ukiwashika, sabuni."

Firdausi aligongelea banda mwenyewe, kwa mbao zilizobaki kwenye kenchi za paa, akajipiga nyundo kidole na hakuwa na wa kumwambia pole. Akapiga deki chumba mara mbili, akaizima taa yao. Siku zile za mwanzo aliongea na Naila mpaka koo likamkauka, na Naila, mnyonge bado, alimtazama tu.

Siku ya kumi na moja kulipopambazuka, alisimama dirishani. "Mawifi, mmeamkaje?"

Bandani kimya; walikuwa mbali, hawakumsikia. Nyuma yake, kitandani, Naila akaitika kwa sauti nyembamba, kisha akalia kwa njaa, machozi yakimtiririka mashavuni.

Firdausi akaenda kunawa mikono kwanza.