Sepetu ya Mtukufu

Nchi ya Ndelwe ilikuwa chini kuliko bahari, na kilichoitenga na maji ni tuta moja la udongo na manyasi, refu kwa mwendo wa siku tatu. Hakuna mtawala aliyeamuru lijengwe. Wakulima wenyewe, walipochoka kuzika ndugu zao kila yalipokuja mafuriko, walikaa kitako wakaunda Baraza la Sepetu: kila kaya na kipande chake cha tuta, kila kaya na sauti moja, na aliyeshindwa kukitunza kipande chake aliichomeka sepetu yake pale juu, akaondoka, shamba na kipande hicho vikawa vya atakayeing'oa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya tuta.

Bi Aldega, mjane mwenye viganja vigumu kama magome, alikuwa mkaguzi wa Baraza siku Mtukufu Gorvani, mtawala wa nchi, alipotangaza kwamba watu wasio na vyeo kukutana na kuamua mambo ni uasi. Akalivunja Baraza, akalitwaa tuta lote, akapanga askari juu yake walilinde dhidi ya wale walioliinua. Miaka minne halikutiwa hata pakacha moja la udongo. Fuko wakachimba watakavyo. Mara mbili Aldega alipanda kwenye mnara wa Gorvani kuonya. Mara mbili alirudishwa kutoka mlangoni.

Asubuhi moja ya dhoruba tuta likapasuka. Askari wakakimbia. Gorvani akashuka, joho likiburutika matopeni, akaamuru watu wachimbe. Hakuna aliyeinama. Aldega aliitazama nyumba yake, ya kwanza kabisa chini ya ufa, ambamo wajukuu wake walikuwa wakihamishia magodoro darini. Hata hivyo alimpa Mtukufu sepetu.

“Umesema ni lako. Litunze, au fuata sheria.”

“Sheria hiyo niliifuta.”

“Kwetu uliifuta,” alisema Aldega. “Maji hayajaambiwa.”

Kisha akawageukia majirani, akauliza nani anakubali kazi ianze. Mikono ikainuka kwenye mvua, mmoja mmoja, na pale pale wakagawana ufa kwa hatua, kaya kwa kaya, wakaacha hatua kumi katikati. Hizo zilikuwa za Gorvani. Maji yalimfika magotini. Akaishika sepetu kwa mikono miwili, akaididimiza udongoni, akasimama hivyo, na hakuna aliyeweza kujua kama ameanza kuchimba au ameichomeka. Aldega alisogea, akanyoosha mkono karibu na mpini, akangoja.