Kanda Mbili za Daraja

Mama Anatoli hakuwa mtu wa sinema. Tena alisema wazi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mtu mzima anayejifungia gizani mchana kweupe kutazama Wazungu wakipigana ana lake jambo. Lakini Jumapili ile alitoka Misa, hakupita nyumbani hata kunywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la pamba lililokuwa tupu likisubiri msimu, akakaa mbele kabisa na kitenge chake cha sikukuu. Waliomwona walishangaa, na walioshangaa walijibiwa papo hapo.

"Nimekuja kumwona mwanangu. Una neno?"

Jina lake la ubatizo lilikuwa Benedikta, na ulimi wake Bariadi nzima iliujua.

Mambo yalianza hivi. Anatoli, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori. Enzi zile za ruksa, serikali ilipofungua biashara na kila mwenye nguvu alipokuwa anahangaika kutafuta maisha mbali, naye alivuka mpaka kwenda Kenya. Siku moja dereva mwenzake akaleta picha na salamu. Kwenye picha Anatoli amesimama kando ya daraja la chuma, kakumbatiwa na Mzungu mwenye koti jekundu, meno yote nje. Na salamu zilikuwa hizi: "Mwambieni mama nimeingia kwenye sinema. Mimi ndiye dereva wa lori la majambazi. Ikifika huko, aniangalie."

Baada ya hapo, kimya. Mwaka ukakatika, wa pili nao ukaingia, barua hakuna, salamu hakuna. Benedikta alijipa moyo kwamba mtoto akishakuwa staa anakosa nafasi. Picha ile aliiweka ukutani, chini ya msalaba.

Basi Ngassa, mwenye banda la video pale stendi, akaleta kutoka Mwanza kanda iliyotoka Dubai. Jaladani, nani kama si yule yule wa koti jekundu! Benedikta alikuwa anapepeta mtama. Aliuacha ungo chini na kuku wakala, yeye akakimbia. Alitazama filamu ile mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa macho. Koti jekundu lilikuwepo. Daraja lilikuwepo. Majambazi walitokea na lori lao likitimua vumbi, likamfukuza yule Mzungu mpaka karibu na daraja, halafu ghafla Mzungu yuko ng'ambo, peke yake, anajifuta jasho. Lori halipo. Anatoli hakuonekana hata kisogo.

"Lori limekwenda wapi?" Benedikta alipiga kelele.

Jilala, mkalimani wa banda, aliyekuwa akisimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu Kizungu kwa Kiswahili na Kisukuma, hakuwahi kukosa jibu maishani mwake. Hata asichokielewa alikieleza. "Limeishiwa mafuta, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Ole wake! Banda zima lilicheka, na kicheko kikatoka nje kikaenda mpaka kwenye mashine ya kusaga. Generoza, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyezidi. "Mwadila," akamsalimu kwa Kisukuma, "mama staa. Mwanao ameshapata mafuta?" Kila akutanapo naye, hilo hilo. Wengine wakasema picha ile Anatoli alipiga na mtalii tu, kijana alikuwa mwongo tangu utotoni. Benedikta akaacha kwenda kusaga mchana. Ilimuuma mno, kwa sababu mtoto akiitwa mwongo na hayupo kujitetea, ni mama anayebaki kulibeba jina hilo.

Ndipo Marcelo, hasimu wa Ngassa, mwenye banda la upande wa sokoni, naye akapata filamu ile ile. Yake ilitoka Uingereza, aliletewa na daktari mmoja aliyerudi likizo. Akatangaza barabarani kwamba ya Ngassa imepita kwenye mkasi. "Hata busu wameondoa! Mnalipia filamu, mnaoneshwa makombo!" Ngassa akajibu kwamba yake ndiyo safi, na hiyo ya Marcelo imejaa uchafu wa kuaibisha mbele ya wakwe.

Ugomvi kama huo Wasukuma wanajua kuumaliza. Ngoma mbili zikitambiana, hazibishani kwa mdomo. Zinachezwa uwanja mmoja, saa moja, na watazamaji wanakimbilia inayowavuta. Atakayebaki anacheza peke yake, huyo kashindwa. Kwa hiyo Jumapili ile televisheni mbili zikawekwa ghalani, hii mwisho huu na ile mwisho ule, jenereta mbili zikinguruma nje, madirisha yamezibwa kwa magunia. Benedikta akakaa mbele ya ile ya Marcelo, na kanda zikaanza pamoja.

Jamani, siku hiyo shingo za watu zilipata kazi! Huku kwa Marcelo Mzungu anaingia baa, kule kwa Ngassa ameshatoka. Huku mwanamke anamsogelea, kule mwanamke kapotea na Mzungu anavaa viatu, na vijana wakahamia kwa Marcelo kwa fujo. Huku ngumi inatua na damu inaruka, kule ngumi inaondoka na mtu ameshalala. "Dubai wana haraka!" mtu akapiga kelele, na Ngassa akazidi kununa. Jilala akawa anakimbia kutoka mwisho huu kwenda mwisho ule, jasho linamtoka, anatafsiri filamu moja mara mbili.

Kisha likaja daraja.

Kwa Ngassa lori lilipotea kama kawaida yake. Kwa Marcelo lilizidi kuja. Likajaa kioo kizima, na ndani yake, nyuma ya usukani, kofia kaigeuza nyuma kama alivyozoea tangu shule ya msingi, alikuwa Anatoli.

"Ni yeye!" Benedikta aliruka akasimama. "Yesu na Maria, ni yeye! Mwanangu si mwongo! Mnamwona? Generoza, unamwona?"

Walimwona. Ghala lilitetemeka. Watu wote wakahamia kwa Marcelo, mpaka Ngassa mwenyewe. Lori likapanda daraja, likagonga ukingo wa chuma, likapinduka, likaenda chini mtoni na maji yakaruka juu. Makofi! Benedikta akapiga vigelegele kwa nguvu zake zote, kitenge kikamdondoka, na wanawake wakampokea.

"Mayu, mafuta yamepatikana!" mtu akasema, na safari hii Benedikta alicheka kuliko wote. Generoza akampigia magoti, akaomba radhi mbele za watu.

"Rudisha!" wakadai. Marcelo akarudisha. Lori likapaa kutoka mtoni, likarudi nyuma darajani, likaja tena, likapinduka tena. Vigelegele tena.

Filamu ilipokwisha na majina yakaanza kupanda, Marcelo akanyoosha mkono kuzima. Ndivyo walivyofanya wenye mabanda wote, maana petroli haichomwi bure kwa ajili ya majina ya Wazungu.

"Thubutu!" Benedikta akamkemea. "La mwanangu limo humo. Acha lipite nilione."

Yakapita, watu wakisubiri naye kwa heshima. Yakaisha. Kioo kikawa cheusi, na katikati ya weusi ule yakatokea maandishi meupe machache, yakatulia. Benedikta alijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, na jina la mwanawe angelisoma hata kwenye moshi. ANATOLI JANUARIUS. Chini yake, mwaka aliomzaa. Halafu kistari. Halafu mwaka mwingine.

"Jilala," akasema. "Wanasemaje?"

Jilala alikuwa amesimama kando ya televisheni, mdomo wazi. "Wanamshukuru, mayu. Wanasema... wanasema amefanya kazi nzuri."

"Na miaka?"

Jilala akatazama chini.

"Mume wangu yuko makaburini pale misheni," Benedikta akasema, "na msalabani pake chini ya jina kuna miaka miwili, hivyo hivyo. Usinifanye mtoto. Soma."

Jilala akasoma, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. "Kwa kumbukumbu ya Anatoli Januarius, dereva wetu. Alifariki kazini, tulipokuwa tunapiga picha za daraja."

Watu walikuwa wanatazamana kama wamemwagiwa maji. Lile lori! Walilolishangilia, wakadai lirudishwe, wakalishangilia tena. Generoza akajifunika uso kwa khanga.

"Nimepiga vigelegele," Benedikta akasema. Hakulia. Alikuwa amekodoa macho. "Mungu wangu, nimempigia vigelegele. Mara mbili." Akageuka huku na huku kama anayetafuta wa kumkanushia. "Na Uingereza kote wamesoma. Wanasoma, wanazima, wanakwenda kulala. Mimi niliyemzaa sikuambiwa!"

Mwanamke mmoja akaanza kilio. Benedikta akanyoosha mkono kumkataza. "Bado. Msilie bado."

Akaokota kitenge chake. Akaondoka mbele ya televisheni ya Marcelo, akalivuka ghala lote mpaka mwisho ule mwingine ambako hapakuwa na mtu, na kioo cha Ngassa kilikuwa kinachezacheza chenga tupu, bila picha. Akakaa chini sakafuni.

"Ngassa."

"Naam, mayu."

"Ya kwako lile lori halifiki darajani?"

"Halifiki, mayu." Ngassa alikuwa analia waziwazi. "Wamelikata."

"Weka."

Ngassa akarudisha kanda, akaiweka. Hakuna aliyethubutu kutoka. Mmoja mmoja watu wakahama upande wa Marcelo, wakaja kukaa nyuma yake, mpaka Marcelo akazima ya kwake akaja naye. Wakatazama baa isiyo na busu, ngumi zisizo na damu. Lori likatokea kwa mbali na vumbi lake. Kisha Mzungu wa koti jekundu akawa ng'ambo ya daraja, mzima, anajifuta jasho, na nyuma yake barabara ilikuwa nyeupe, haina kitu.

"Jilala," Benedikta akauliza, macho hayabanduki kiooni. "Lori limekwenda wapi?"

Jilala akajaribu, akashindwa, akajaribu tena.

"Limeishiwa mafuta, mayu."