Ufa wa Ukuta wa Nyuma

Mzee Stoo alikuja mwenyewe kumwambia Mama Mikate kwamba nyumba anaiuza, na kwa hilo apewe haki yake, maana kuna wapangaji hupata habari hizo kwa dalali wanayemkuta dirishani na futi kamba. Alikuja asubuhi, akipapasa ukuta wa kichochoro kwa kiganja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na tanuri. Jina hilo alilipata kwa kutunza stoo ya shirika moja miaka thelathini na sita bila msumari kupotea. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu mweupe.

"Huyu mtoto wa jicho wangu amekuwa mtu mzima sasa, mama," alisema. "Daktari anasema nikichelewa tena hatoki. Kwa hiyo nauza nyumba, nifanyiwe macho yote mawili, halafu nikakae kwa binti yangu."

Mama Mikate alikuwa anakanda unga, na hakuacha kukanda. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili tu, lakini uani palikuwa na tanuri la matofali alilolijenga kwa mikono yake miaka kumi na moja iliyopita, mumewe akiwa hai na akimcheka. Mtaa mzima ulikula mkate wa tanuri lile. Cherehani unaipakia kwenye mkokoteni ukahama nayo. Tanuri ukilibomoa unabaki na rundo la matofali meusi.

"Na mimi je, mzee?"

"Wewe mkataba wako una miaka mitatu mbele. Nenda ofisi ya nyumba ukaulize, usije ukasema nimekudanganya."

Akaenda. Afisa wa nyumba alikuwa bwana mpole, ana kalamu tatu mfukoni na moja tu yenye wino. Alimweleza polepole, kama mtu aliyezoea kueleza watu wenye hofu. Kuuza nyumba si kumuuza mpangaji. Anayenunua anaichukua pamoja na mkataba wake, atapokea kodi mpaka muda uishe. Tena mwenye nyumba lazima amuuzie mpangaji kwanza. Ampe bei kwa maandishi, na mpangaji akikataa kwa maandishi, ndipo atafute mwingine.

"Na akishusha bei?" aliuliza Mama Mikate.

"Akishusha, anarudi kwako tena."

Mtu mwingine angeshukuru, akarudi nyumbani akalala usingizi wake. Mama Mikate alilishika hilo la mwisho, akatembea nalo njia nzima, na alipofika hakwenda kwake. Alipitiliza kwa wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, na kazi yake ilikuwa kuchapa barua. Ofisi yake ya zamani iliponunua kompyuta ilimpa kiinua mgongo na taipureta aliyokuwa akiitumia, naye akaiweka juu ya meza nje ya lango la ofisi ya ardhi, chini ya mwavuli, akawachapia watu maombi, malalamiko na hati za kuuziana. Sheria hakuisomea, ila vidole vyake vilikuwa vimeipita mara nyingi kuliko macho ya mawakili. Alikaa chumba kimoja chenye bati linalovuja, na hakuolewa. Mama Mikate alikuwa na utani wake juu ya hilo, utani wa mawifi, na aliurudia hata mbele za watu: "Huyu anawachapia wenzake talaka, na ndoa yenyewe hajaionja." Wifi alicheka kila mara, kicheko kifupi. Hakuna aliyewahi kukichunguza.

"Bei ikishuka mpaka nusu, naiweza," alisema Mama Mikate.

"Itashuka kwa lipi?"

"Nyumba ikiwa mbovu."

"Si mbovu ile."

"Bado," alisema Mama Mikate.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mstari mwembamba kwenye plasta, ule ambao kila nyumba yenye umri inao. Mama Mikate alichukua kisu cha mkate, kile chenye meno, akaukeketa mstari kutoka juu mpaka sakafuni, akauchokonoa mpaka kidole kikaingia. Akausugua ndani kwa masizi ya tanuri ili uonekane wa siku nyingi. Ubaya ukifanywa kwa ustadi nao una raha yake, na mchana ule alikuwa anaimba. Kesho yake alimsimulia wifi kila kitu, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Bei ya kwanza ilipoletwa aliikataa kwa maandishi, na wanunuzi wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa mwalimu na mkewe. Mama Mikate aliwapa mkate wa moto, akashusha sauti. "Mimi mpangaji tu, haya si ya kusema mimi. Lakini naogopa dhambi, na nyie mna watoto." Akawaonyesha ufa, akaongeza kwamba mvua ikinyesha anausikia ukipanuka. Mkate hawakuumaliza. Akaja muuza vyuma chakavu, akaupiga ukuta ngumi, akasema ana fundi wake hodari. Mama Mikate akamwambia wamekuja mafundi watatu, na wa tatu alikimbia akaacha mwiko. Mwezi wa pili ulipoisha, dalali mwenyewe aliacha kuleta watu.

Mzee Stoo akashusha bei. Barua ilikuja kwa mpangaji kwanza, kama sheria inavyotaka, naye akaikataa. Mzee akaja kuuliza.

"Huo ufa wanaousema, mama. Nyumba hii niliijenga mimi. Msingi wake una futi nne."

"Sipendi kukuumiza roho, mzee. Njoo ushike mwenyewe."

Akamshika mkono, akamwongoza mpaka chumba cha nyuma. Akakinyoosha kidole cha mzee, akakitumbukiza ndani ya mfereji alioukata kwa kisu, akakishusha taratibu kutoka usawa wa bega mpaka magotini, ili asikose hata inchi moja. Kidole kilitoka cheusi kwa masizi, naye hakuyaona.

"Kumbe," alisema. "Basi nilijenga vibaya."

"Nyumba nazo huzeeka, mzee." Akampangusa kidole kwa pindo la kanga yake. Huruma ilimgusa, tusimsingizie. Ilimgusa ikapita, kwa sababu bei ilikuwa bado kidogo.

Bei ya tatu ilipokuja, aliiweza. Aliipeleka barua kwa wifi, akaiweka mezani kando ya taipureta.

"Hii si unaiweza?" alisema wifi.

"Naiweza. Lakini nikikataa mara moja tu tena, nikatia na sababu nzito, atashusha tena. Nitabakiwa na cha kuliezekea tanuri bati. Chapa."

Wifi hakubisha. Aliweka karatasi mbili na kaboni katikati, kama ilivyo kawaida ya kazi yake. Mama Mikate akasema maneno, wifi akachapa: kwamba yeye mpangaji, anayeujua ukuta huo kuliko mtu yeyote, anakataa kuinunua nyumba kwa kuwa ni ya hatari na haifai kukaliwa na binadamu.

Wifi akainua vidole. "Tutie 'kwa bei yoyote ile'. Nakataa kuinunua kwa bei yoyote ile. Mtu akisoma hivyo anatetemeka."

"Wewe ungeolewa na wakili," alisema Mama Mikate kwa furaha. Akasaini nakala zote mbili, akalipa mikate miwili, akaondoka. Nakala moja ilibaki kwa mchapaji, nayo ni kawaida ya kazi.

Siku kumi zilipita, barua ya bei mpya haikuja. Siku ya kumi na mbili alikuja wifi, ana bahasha ya kaki na fundi mwenye nyundo.

"Nimenunua," alisema.

"Umeninunulia?"

"Nimenunua. Kiinua mgongo changu kilikuwa kimelala tu."

Mama Mikate alingoja kile kicheko kifupi. Hakikuja. Ikambidi akae juu ya ndoo.

"Mimi ndiye wa kwanza kuuziwa," alisema. "Bei ikishuka anarudi kwangu."

"Ulikataa kwa bei yoyote ile, wifi. Arudi kwako kufanya nini?"

"Sawa. Basi mkataba wangu una miaka mitatu. Kuuza nyumba si kumuuza mpangaji."

"Kweli kabisa. Sentensi hiyo nimeichapa mara mia. Ila nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu, sheria hainiruhusu kumweka mtu ndani. Ukuta ukikuangukia nafungwa mimi. Una siku kumi na nne, na nasema hivi kwa kukuonea huruma." Alisema kwa sauti laini, akiuma na kupuliza.

"Ule ufa unaujua. Nilikusimulia mwenyewe."

"Umenisimulia mengi. Mimi nashika nilichokichapa."

"Nimekukosea nini?"

Wifi alitazama bati la nyumba, zima, halina tundu. "Miaka mingapi kwangu kunavuja juu ya kitanda? Ulikuja, ukaona beseni, ukacheka. Kaka yangu alipokufa chumba cha nyuma kilibaki kitupu. Ukakijaza magunia ya unga."

Mama Mikate aligeukia uani. "Na tanuri langu?"

"Limeshika ardhi. Kilichoshika ardhi huenda na ardhi. Nitahitaji mtu wa kuoka, lakini. Ukitaka kazi, uombe kwa barua."

Afisa wa nyumba alisoma ile nakala mara mbili. Akauliza kama sahihi ni yake, Mama Mikate akasema ni yake.

"Basi iko njia moja tu. Usimame hapa, mbele ya aliyeuza na aliyenunua, useme kwamba ufa ulikuwa uongo. Nyumba ikiwa nzima, mkataba wako uko palepale. Ila mzee naye ataijua hasara uliyomtia, na akienda polisi mimi simzuii."

Alilala na hilo siku tatu. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alishayanywa ya kutosha. Heri polisi, aliamua, polisi huisha. Nyumba ikienda, na tanuri limekwenda. Siku ya tisa ya zile kumi na nne, Mama Mikate akiwa anaoka, fundi wa wifi aliingia chumba cha nyuma akaubomoa ule ukuta wote mpaka chini, kwa usalama wa mpangaji. Unga ulijaa vumbi la plasta.

Siku ya kumi na moja wakakutana ofisini. Wifi alikaa wima na faili lake. Mzee Stoo aliletwa na binti yake hadi mlangoni, jicho la kushoto limefungwa bandeji nene. Afisa alisoma barua kwa sauti, akamgeukia Mama Mikate.

Alisimama. Akasema, tena alisema yote. "Ni uongo. Ule ufa niliukata mimi kwa kisu cha mkate. Nikapaka masizi. Nilitaka nyumba ishuke bei."

Afisa aliacha kalamu hewani. Wifi aligeuka kumtazama mzee, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hofu.

Mzee Stoo alitikisa kichwa taratibu. "Bwana afisa, usiandike hayo."

"Mzee, nasema kweli," alisema Mama Mikate.

"Huyu mama ana moyo," aliendelea mzee. "Nilijenga vibaya. Nilitia kidole changu mwenyewe, kikaingia chote, toka hapa mpaka hapa. Aliona nilivyoumia siku ile. Akanipangusa mkono. Sasa yuko tayari kujiita mwongo ili mimi nisife na aibu ya kuuza nyumba mbovu. Miaka kumi na moja kodi haijachelewa, na hajanidanganya hata mara moja. Siwezi kukubali ajipake matope kwa ajili yangu."

"Nilikata kwa kisu," alisema tena Mama Mikate.

"Kaa, mama," alisema mzee kwa upendo. "Yamekwisha."

Afisa aliomba ukuta ukaguliwe. Wifi akaeleza kwamba haupo, umebomolewa, akatoa karatasi ya fundi iliyochapwa vizuri, inayosema ulikuwa wa hatari. Ushahidi ukawa barua, fundi na kidole cha mzee, upande mmoja. Upande wa pili maneno ya mpangaji anayetaka kubaki. Afisa alimtazama Mama Mikate kwa masikitiko ya kweli, akagonga muhuri. Zilibaki siku tatu.

Nje, binti wa mzee alikuwa amekwenda kutafuta gari ng'ambo ya barabara. Mzee Stoo alinyoosha mkono hewani, akiutafuta wa Mama Mikate, akaupata.

"Nivushe, mama."

Wakasimama ukingoni wakingoja magari yapite. Mama Mikate aliuliza kwa sababu hakuweza kutouliza. "Na jicho la pili, mzee, lini?"

"La pili basi. Fedha ilitosha moja." Alisema bila kinyongo. "Bandeji inatoka Alhamisi. Nimemwambia binti yangu, kabla ya kitu chochote anilete pale nyumbani. Nataka nikuone uso. Miaka mitano sijauona."

Alhamisi ilikuwa siku ya nne, yeye atakuwa ameshatolewa. Mama Mikate alifungua kinywa amwambie, ya Alhamisi, ya kisu, yote upya, taratibu, mpaka aamini. Mzee alimminya mkono, akatabasamu kuelekea upande ambao Mama Mikate hakuwapo.

"Njoo, mzee," alisema Mama Mikate, akamvusha barabara.