Mkono wa Katunge Ukutani

Kijijini kwao, njia ya kwenda Masii, hakuna aliyebisha: ukitaka ukuta ukandikwe uwe laini kama shavu la mtoto, mwite Katunge. Ndiyo maana siku fundi Laban alipomchagua Ndunge awaongoze wanawake wa mwethya, wale wasaidianao kazi kwa zamu, Katunge alihisi amemeza kaa la moto. Ndunge! Wifi yake, ambaye jiko lake lina nyufa za kupitisha paka!

Kazi yenyewe ilikuwa nyumba ya mawe ambamo mzungu aliyelima katani alikuwa akiotesha maua yake. Tangu aondoke, ilikaliwa na popo na mbuzi wa jirani. Mvua ya El Niño ilipokwisha, wanawake wa mwethya waliamua iwe shule ya chekechea. Laban alisema kuta kuukuu hazitaki simiti, zinataka lipu ya chokaa, na Ndunge ndiye aliyejifunza chokaa kule mjini Machakos.

"Njoo tusaidiane, wifi," Ndunge akamwita.

"Mimi ni wa mavi ya ng'ombe," Katunge akajibu. "Hiyo chokaa pakeni nyinyi wasomi."

Siku ya tatu wanawake walipokaa nyuma ya nyumba kula muthokoi, Katunge alijipenyeza ndani. Nia ilikuwa moja: kuuchana ukuta wa mbele ungali mbichi, Ndunge aaibike. Akainua vidole. Kumbe kando ya mlango chokaa ilikuwa imevimba kama tumbo la mlafi. Vidole vikakataa kuchana. Akabonyeza, akalainisha, akazungusha kiganja. Alipozinduka, mahali pale palikuwa panateleza macho, na mikono inamuwasha kama kashika pilipili. Akatoka mbio.

Hajafika mbali, akasikia sauti ya Laban.

"Ndunge! Hapa mlangoni ndipo umeonyesha ufundi. Sijaona kazi kama hii!"

Vigelegele vikapigwa. Na Ndunge, bila haya, akajibu, "Asante, fundi. Ni Mungu tu."

Katunge akasimama. Angeenda zake, nani angejua? Lakini heri aitwe mchawi kuliko Ndunge asifiwe kwa viganja vyake. Akarudi, kitambaa kikimdondoka kichwani, mikono juu, myeupe hadi viwikoni.

"Si Mungu, ni mimi! Nilikuja kuharibu!"

Ndunge akamtazama, akatazama mlango.

"Basi, wifi, njoo uharibu na upande huu mwingine."

Wanawake wakaangua kicheko hadi wakashikana. Katunge alishika chokaa kwa hasira. Utani mzuri namna ile, kwa nini usimtoke yeye?