Hita ya Pikapu ya Babu

Bibi alikaa ndani ya pikapu kuukuu ya mumewe, injini inanguruma, kiganja amekiweka kwenye tundu la hita.

"Mume wangu, hewa hii ni ya kupozea uji."

"Ngoja ipate moto."

"Nangoja tangu juzi."

Mchana ule walitakiwa kumchukua binti yao hospitalini pamoja na mjukuu wa siku nne, kilo mbili na kidogo. Njia ilipita mlimani, kwenye baridi ya kukata mifupa, na nesi alisema waziwazi: gari likiwa baridi, mtoto haondoki. Bibi hakuwa tayari kurudi mikono mitupu.

Jirani yao, mama fundi magari, akaja akafungua boneti.

"Hita imeziba," Babu akatangaza. "Ing'oe tu."

"Shemeji, hebu niache nimguse mgonjwa kwanza." Akashika mipira miwili ya kupeleka na kurudisha maji ya hita. "Ingeziba, mmoja ungekuwa moto na mwingine baridi. Hii yote vuguvugu. Maji yenyewe hayapati moto."

Bibi, ambaye hakuwa na haraka ya kusema, akauliza, "Na huu mshale wa joto, mbona siku zote umelala? Hata tukitoka safari haunyanyuki."

"Gari langu halichemki!" Babu akatuna kifua.

Fundi akamtupia jicho. Akalegeza bolti mbili za kifuniko cha njia ya maji, akachungulia ndani. Patupu!

"Shemeji, themostati iko wapi? Kile kijilango cha kuzuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto?"

Babu akakohoa. "Niliitoa. Ule mwaka wa kubeba mawe, lilikuwa linachemka kila kilima. Madereva wote tulitoa."

"Lilichemka kwa sababu rejeta ilikuwa mbovu, na rejeta nimekubadilishia mwenyewe! Umepona zamani, dawa bado unameza!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi alikuwa na themostati ya pikapu nyingine iliyokufa. "Ila tuipime. Dada, bandika maji."

Wakaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria, vichwa vitatu vimeinama kama wanaonja mchuzi. Maji yakapata moto, kijilango bado kimefungwa. Yalipokaribia kuchemka, kijilango kikaanza kusogea, taratibu, kikaachama.

"Kimefunguka!" Babu akapiga kelele kuwashinda wote.

Fundi akaifunga mahali pake, wakaondoka. Kufika hospitalini, nesi akaingiza mkono garini kabla ya kumtoa mtoto. Akaurudisha upesi. "Humu mnaoka mikate?"

"Tulete mjukuu wetu," Bibi akasema, mikono ameshainyoosha.

Njiani mtoto alilala fofofo, kingumi nje ya blanketi. Babu, jasho linamtiririka, akapeleka mkono kwenye kioo cha dirisha.

"Thubutu," Bibi akamwambia.

Akaurudisha kwenye usukani.