Kimo cha Pikapu ya Baba

Dorsey alinizaba kofi mbele ya fundi, Mzee Hobart, palepale gereji kwake, kwa sababu nilisema inchi mbili.

Pikapu yenyewe ilikuwa yangu. Baba aliniachia mimi, ya mwaka sabini na nane, ya kijani iliyopauka, na bonde letu zima hapa West Virginia lilijua hivyo. Ila tangu niolewe na Dorsey Cutlip, changu kilikuwa chake na chake kikabaki chake. Nilitaka iinuliwe kidogo tu, ivuke matope ya kijitoni msimu wa kuwinda kulungu bila kukwangua tumbo. Springi za kuongeza inchi mbili, matairi ya kimo cha inchi thelathini na moja, basi. Mimi ni mfupi. Gari nisiloweza kulipanda la nini?

"Inchi sita," Dorsey akamwambia Hobart. "Matairi ya thelathini na tano. Na hizo ngazi za pembeni zing'oe."

"Sasa mimi nitapandaje?" nikauliza.

"Nitakunyanyua. Si mke wangu wewe? Ukitaka kwenda mahali, niombe mkono."

"Inchi mbili zinatosha, Dorsey. Gari ni la baba yangu."

Hapo ndipo kofi lilipotua. Mzee Hobart, aliyevua samaki na baba yangu miaka yote, akainama akajifanya anatafuta spana. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Dorsey.

Alipoinuka alizungumza akiangalia gari, si sisi. "Kijana, ujue unachonunua. Springi zinainua bodi tu. Hii difu inabaki palepale." Akaligonga lile bonge la chuma kwenye ekseli ya mbele, upande wa dereva. "Kinachoinua difu ni tairi. Kisiki kitakachoigonga hii ukiwa na thelathini na moja, ukiwa na thelathini na tano kinapita chini yake salama."

"Nani kakuomba mahubiri? Wewe zifunge tu hizo springi," Dorsey akasema.

Mimi nilisikia. Shavu lilikuwa linawaka moto, lakini masikio yalikuwa mazima.

Basi ikawa ndiyo maisha. Jumapili nje ya kanisa alinikamata kiunoni na kunirusha kwenye kiti, huku akiwapigia kelele wenzake: "Njooni muone, napakia gunia la viazi!" Nao walicheka, waumini wale, Biblia kwapani. Siku nyingine aliniacha nje ya duka kwenye mvua, akawasha gari na kuniuliza kupitia dirishani mbona sipandi.

Nikajifundisha. Kila alipokwenda porini na bunduki kwa gari la rafiki yake, mimi nilikuwa uani napambana na lile tairi. Mguu kwenye kitovu cha gurudumu, goti juu ya tairi, mkono kwenye chuma cha kioo cha pembeni, halafu unajivuta kwa hasira. Nilianguka nikachubuka hadi mapaja yakawa ya zambarau. Mwishowe nikaweza, na Ijumaa moja nikaendesha hadi mjini, nikala pai ya tufaha peke yangu, nikarudi. Sijawahi kula kitu kitamu vile.

Kilichoniponza ni matope ya kijitoni. Dorsey alirudi mchana ule amelewa wiski, akaona alama ya buti langu juu ya tairi.

"Umepandaje?"

"Kwa miguu yangu."

Alinipiga ubavuni kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mfupa ukikatika ndani yangu. Aliponishika nywele nilimng'ata kidole gumba mpaka damu yake ikanijaa kinywani, akaniachia, nikakimbia.

Njia ya kutoka kwetu ni nyembamba. Kushoto ni ukingo mrefu wa kijito, kulia seng'enge ya jirani. Nyuma yangu injini ikanguruma, na nilipogeuka niliona boneti tupu na anga juu yake. Hakupiga honi. Aliongeza mafuta.

Sikuwa na pumzi, wala pa kuruka. Nikalala chali, miguu kuelekea kwa gari, mwili nikiusogeza mbali na upande wa dereva, kwa sababu difu ya mbele iko huko. Nikageuza uso, nikatoa hewa yote kifuani. Ubavu ulilia. Tairi likapita karibu na sikio langu likinipiga kokoto usoni, chuma cha moto kikapita juu ya kifua, kitu kikanasa shati langu na kulirarua hadi kwapani. Tone la oili likaniunguza shingo. Halafu nikaona mawingu.

Akasimama mbele kidogo. Mlango ukafunguliwa, nikamsikia akicheka, kisha akaruka chini aje kutazama maiti. Barabara ilikuwa imeganda kwa baridi, yenye mifereji ya matairi, naye alikuwa mlevi, na ngazi alishazing'oa. Mguu wake ukavunjika, ukalia kama kuni kavu.

Alipiga yowe, akatambaa hadi mbele ya gari, akashika bampa ajiinue. Mimi nikapanda kwa upande wa pili. Kitovu cha gurudumu, goti, kioo, kisha nikajisogeza hadi kwenye usukani. Injini ilikuwa bado inawaka.

Nikagandamiza honi. Akaachia bampa, akaanguka chali, nami sikumwona tena. Kutoka kiti kile humwoni mtu aliyelala mbele yako.

"Nadine! Nadine, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Lala katikati," nikamwambia kupitia dirishani. "Usiinue kichwa. Na vuta hilo tumbo ndani, maana mimi nilipona kwa kuwa sina kitambi."

Nilitaka kumwua. Nisidanganye mtu. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, gari likajongea hadi sauti yake ikawa inatoka chini ya miguu yangu. Nikakanyaga breki nikamwacha aitazame ile difu. Alilia, akamwita mama yake, akaniita mpenzi. Nilimwacha aangalie mpaka nilipotosheka. Kisha nikatia rivasi, nikarudi nyuma, nikamvunjia jirani seng'enge yake na kupita shambani kwake hadi barabara kuu.

Polisi niliowapelekea habari walimkuta palepale, suruali imelowa.

Mzee Hobart alikuja uani kwangu baadaye, kofia mkononi, macho mekundu. Alilizunguka gari, akaona kipande cha shati langu bado kimenasa chini yake.

"Niishushe, binti yangu? Inchi mbili, kama ulivyotaka. Bure."

"Iache ilivyo," nikamwambia. "Nirudishie ngazi zangu tu."